Mbegu ya Mtindi

Nilizisikia bangili kwanza, rafiki yangu. Zililia ngazini, na kabla sijafungua mlango nilikuwa mtoto tena kwenye ujia wetu wa Bur Dubai, ukinukia maziwa ya moto.

Jirani yetu alikuwa ajuza Mbulgaria aliyemfuata binti yake, mfanyakazi wa hoteli mtaani Al Garhoud. Kila alasiri alituita, mimi na bibi yangu wa Unguja, akatupakulia mtindi mzito kwa asali. Tukilamba vijiko, alituhadithia wahenga wake walivyoukimbia utawala wa Waturuki kwa magari ya ng'ombe, wakapewa nyika tupu katika himaya ya Urusi. Mbegu ya mtindi waliibeba imekaukia kitambaani. Walipofika walikiloweka kwenye maziwa vuguvugu, na asubuhi wakala cha kwao.

“Mfalme wa watu atakupa shamba,” alisema kwa Kiarabu chake cha kuungaunga, “kwenu hakupi.”

“Hayo twayajua, shoga,” bibi alicheka. “Sisi hata shamba hatukupewa!”

Mbegu ile haiuzwi. Hupewa bure mtu aliyehama kwao.

Mke wa mwenye jengo, madam wetu, aliupenda mtindi huo. Siku moja akataka kuinunua mbegu, afungue mgahawa. Jirani akakataa.

“Khalas, basi! Hameni,” madam akasema. Bangili zake zikalia.

Wakahama, yeye na bintiye. Jirani alimwachia bibi nusu ya kitambaa na onyo moja: ukiupasha mtindi moto, mbegu inakufa. Bibi naye akaniachia mimi. Kila nikila mtindi hubakiza kijiko cha kuzalishia wa kesho. Chuki yangu niliilea vivyo hivyo.

Sasa madam alisimama mlangoni pangu, kikongwe, asinitambue.

“Binti, nimeuonja mtindi wako harusini. Nimeutafuta miaka! Nipe hata kijiko, nitauzalisha mwenyewe.”

“Karibu, madam. Keti.”

Jikoni niliuinjika mtindi motoni taratibu mpaka ukafuka mvuke, nikaupoza kwa barafu. Kaburi la jirani silijui. Chumba chake sasa ni stoo ya vitambaa, na ujia ule haunukii maziwa tena. Nikafunika bakuli vizuri. Ataula ashibe, lakini akiuzalisha atapata maziwa yaliyooza.

“Mungu akulipe, binti.”

“Na wewe akulipe, madam.”

Akatoka amelikumbatia bakuli. Nikafunga mlango.