Kumlalisha Nyoka wa Tumbo

Nilipokuwa mtoto pale Dilala, kila tumbo lilikuwa na nyoka wake. Likinguruma, amejigeuza, likisokota, anauma. Nyoka wa Feza, mdogo wake mama, alikuwa msumbufu kuliko wote, naye Feza alimtania: "Huyu mukubwa iko naomba bukari," yaani ugali.

Muuguzi wa zahanati alimpa vidonge vya kulegeza tumbo: kimoja likisokota, visizidi vitatu kwa siku. Nkambo, bibi yangu, akavipa kazi nyingine. Kwake vilikuwa vya kumlalisha nyoka, na nyoka aliyelala nusu ndiye wa kuogopwa.

Asubuhi moja maumivu yalirudi. "Umeze ingine," Nkambo alisema. "Nyoka haiyalala." Kisha: "Ingine mbili." Na tena, na tena.

Mchana tumbo lilinyamaza. Nilipoingia chumbani nilimkuta Feza ameketi wima, midomo imekauka, mboni zimepanuka hadi macho yote yakawa meusi. Vidole vyake vilichomoa hewani, taratibu, nyuzi nisizoziona.

"Funga mulango," aliniambia. "Batu ni bengi humu."

Tulikuwa wawili tu.

Nilipiga kelele. Nkambo alikuja, akayaona yale macho, akarudi nyuma. "Nyoka imepanda mu kichwa!" Akavichukua vidonge vilivyobaki ampe vyote. Mama akampokonya. "Utamuua, mama!" Akampakia Feza kwenye taxi-moto, pikipiki ya abiria, katikati yake na dereva, hadi zahanati.

Muuguzi alihesabu matundu matupu ya pakiti: tisa. Ngozi ya Feza ilikuwa moto, moyo ukienda mbio, mkojo umekataa kutoka.

"Hii dawa inalegeza tumbo, mama," alimwambia mama yangu. "Haiko ya kulalisha kitu. Moja ikishindwa, mulete mugonjwa. Musiongeze."

Siku ya pili Feza alimtambua mama yangu. Alipona, ingawa kwa wiki nzima Nkambo hakuthubutu kumwangalia usoni.

Nimelirithi tumbo lile. Likinisokota nameza kimoja; likikaidi, nakwenda kuuliza. Lakini kinachonitisha hadi leo si yale macho. Ni Nkambo, aliyekaa pembeni ya kitanda asubuhi ile, akimshikia binti yake kikombe cha maji kwa mikono miwili, akimbembeleza ameze. Sijawahi kuona upendo mkubwa kuliko ule, nao ulikuwa ukimuua.