Vibao Juu

Padri aliyesimamia shule yetu ya hapa mjini Baraka aliniambia madawati hayatoshi: mtoto mmoja wa darasa langu lazima arudi kwao. Alikwisha kumchagua. Ni yule wa milimani, mtoto wa wafugaji, aliyekaa nyuma bila kufungua kinywa.

Nilikosa usingizi. Kusema kweli sikujua mtoto yule anajua nini. Darasa langu lilijibu kwa pamoja, kwa kelele iliyofika sokoni, nami nilijigamba kwamba wote wanaweza hesabu. Sauti iliyosikika kuliko zote ilikuwa ya mpwa wangu, ambaye dada yangu anayeishi Mboko aliniachia nimlee na nimsomeshe.

Nikamwomba Padri aje aone kabla hajamfukuza mtu. Alikuja asubuhi iliyofuata. Niliwakalisha watoto mbali kwa mbali, kila mmoja na kibao chake cha kuandikia, ili mtu asichungulie kwa jirani.

"Leo hakuna kupiga kelele," nikasema. "Kila muntu aandike ku kibao yake. Nikipiga meza, munaonyesha."

Niliandika ubaoni saba mara sita, nikangoja, nikapiga meza. Vibao vikapanda. Mtoto wa milimani alikuwa amepata. Nikatoa hesabu nyingine, na nyingine. Hakukosa hata moja. Kumbe ni Kiswahili tu, lugha isiyo ya kwao, kilichomfunga mdomo! Nilitaka kucheka kwa furaha.

Halafu nikakiona kibao cha mpwa wangu. Kilijaa mistari ambayo haikuwa namba yoyote. Siku zote alidaka jibu mdomoni mwa wenzake na kulipaza kuliko wao, na mimi, mwalimu mzima, nikampigia makofi.

Padri alininong'oneza kwa Kifaransa ili watoto wasielewe. Wa milimani abaki, alisema, lakini madawati ni yale yale, kwa hiyo aende huyu. Nikamwomba wiki mbili nimfundishe.

"Si unaishi naye nyumba moja? Mfundishie huko," akaniambia, akatoka.

Mchana tulirudi nyumbani pamoja. Nilimkasirikia Padri, nikajikasirikia mwenyewe zaidi, nikaanza kupanga maneno ya kumwambia dada. Mtoto alitembea mbele yangu akirukaruka, kisha akageuka.

"Mujomba, ile ya vibao iko muzuri," akasema. "Kesho utatufanyisha tena? Kesho mi nitaweza."