Godoro Laini la Mjukuu

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na mtaani kwake hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Mama Mito. Kwa miaka kumi na tisa ameshona matandiko ya watoto wachanga: kigodoro, mto wenye shimo katikati ili kichwa kitoke mviringo, na mito mirefu ya kufunga ubavuni mwa kitanda mtoto asijigonge. Kazi yake huipima kwa kiwiko. Hukiegemeza juu ya godoro kwa uzito wake wote, na kisipozama hadi kupotea, hulifumua godoro lile na kuongeza pamba.

"Mtoto katoka mahali laini," husema. "Mimi ni nani nimlaze kwenye ubao?"

Mkamwana wake, mke wa mwanawe wa pekee, ni mwalimu wa chekechea, mpole, mtu wa kuongea kama anayeomba radhi. Mimba yake ilipofika miezi minane alikuja kututembelea, akakaa pembeni mwa cherehani, na baada ya kuzungukazunguka sana akasema kwamba mkunga amewashauri godoro la mtoto liwe gumu, lisilobonyea, na kitandani kusiwe na mto wala kitu kingine chochote.

"Gumu?" Shangazi alisema, pini zikiwa mdomoni. "Kwani mjukuu wangu kafungwa jela?"

Tulicheka wote tuliokuwamo. Mkamwana naye akacheka, akatazama vidole vya miguu yake, na habari ikaishia hapo. Wiki ileile Shangazi alianza kushona seti nzuri kuliko zote alizowahi kushona.

Mjukuu alipofikisha siku kumi na mbili, asubuhi moja Shangazi alikuwa anapeleka mashuka zahanati, kwa kuwa huwashonea, nami nilimsaidia kubeba furushi. Tulikuta kina mama wamejaa kwenye mabenchi, wengine na mimba, wengine na watoto mapajani. Mbele yao mkunga alikuwa na mwanasesere wa plastiki na meza. Juu ya meza kulikuwa na kigodoro cha rangi ya maziwa na mto wenye shimo. Shangazi akasimama mlangoni kama aliyepigiliwa msumari. Cherehani yake huruka uzi kila inapokata kona, na kona za kile kigodoro hata mimi nilizitambua.

"Mama mmoja kaniletea hivi jana," mkunga alikuwa anasema. "Kazi nzuri, sitaki kumvunjia heshima fundi. Lakini tazameni."

Akabonyeza kiganja kwenye godoro, akakiondoa. Shimo la kiganja likabaki. Akamlaza mwanasesere kifudifudi, na uso wote ukazama.

"Wewe ungegeuza shingo. Huyu wa wiki mbili shingo yenyewe hana bado. Wala halii. Pumzi zinamwishia kimyakimya, na wewe uko jikoni unasema leo kalala vizuri. Mlazeni chali, godoro gumu, shuka lililobana. Basi."

"Na huo mto, nesi?" mama mmoja akauliza.

"Mpe baba yake!" mwingine akadakia.

"Kichwa cha baba yake kilishaharibika, hata shimo halitasaidia!"

Benchi zima likaangua kicheko. Shangazi aliweka mashuka chini, hakungoja yakaguliwe, akageuka.

Njiani alikwenda mbio, mimi nyuma yake. "Wangeniambia," alisema. Tulipovuka barabara akasema tena, polepole: "Aliniambia."

Mwanawe anapanga vyumba viwili nyuma ya karakana ya seremala. Shangazi alipiga hodi.

"Karibu, mama! Nakuja, subiri kidogo!"

Tukasikia miguu ikikimbia huku na huku, kisha mlango wa kabati ukigongwa. Mkamwana alipotufungulia alikuwa anatweta. Mtoto alikuwa kitandani kwake, katikati ya mito yote ile, shavu limegandamana na mto wa ubavuni. Shangazi hakuitikia salamu. Alimnyakua kwa mikono miwili. Mtoto akashtuka, akalia, na Shangazi akatega sikio kwenye kinywa chake kana kwamba kilio kile hakikutosha.

"Kuna nini, mama?"

"Tangu azaliwe analala humu?"

Mkamwana alinitazama mimi, kisha kabati. "Hapana," alisema, akalifungua. Ndani kulikuwa na kigodoro chembamba cha sponji ngumu, shuka lake limebana. Nilikigusa, kilikuwa bado na joto la mtoto. "Hulala kwenye hiki. Nikisikia hodi yako ndipo namhamishia kwenye chako. Sikutaka uone nimedharau kazi yako."

Shangazi akakaa ukingoni mwa kitanda cha wakubwa.

"Na zile siku tatu nilizolala hapa?"

"Alilala kwenye chako."

"Na wewe?"

"Nilikaa macho. Nilimwekea mkono kifuani nisikie anavyopumua."

Aliporudi nyumbani baada ya siku hizo tatu, Shangazi alitusimulia jinsi mkamwana wake anavyosinzia na kisu mkononi akimenya viazi. Mabinti wa siku hizi, alisema, mtoto mmoja tu na tayari wako nyoronyoro. Tulicheka siku hiyo pia. Mimi ndiye niliyeigiza kichwa kinavyoanguka.

"Kwa nini hukunikatalia?"

"Nilikuambia, mama."

Hakusema kwa ukali. Afadhali angefoka.

Shangazi alinipa mtoto, akaanza kuitoa mito. Kamba zake alizifunga mwenyewe kwa fundo mbilimbili ili zisilegee, na sasa zilimshinda, ikabidi aombe mkasi azikate. Akatandika kile kigodoro chembamba, akamlaza mtoto chali, akanyoosha shuka mara tatu pasipo na mkunjo.

"Nisamehe, mwanangu."

"Yameisha, mama."

"Hayajaisha." Alipangusa uso kwa kiganja. "Macho yako mekundu. Nenda kalale, mimi nitamwangalia."

Mkamwana alitabasamu kwa adabu. Hakubanduka pale kitandani, mkono wake mmoja umeshika ukingo.

"Nitalala, mama. Ukishaondoka."

Shangazi aliikusanya mito kifuani, yote kwa mkupuo mmoja, akatangulia mlangoni.

"Twende kwa yule mama wa mapacha," aliniambia tulipofika nje. "Wale wana wiki tatu. Nilimpa seti mbili."