Gunia la Vitabu Lililokosa Rafu Homa Bay

"Siku ile mjinga nilikuwa mimi," anasema Bonface Mogire, na hangoji aulizwe.

Ni saa mbili asubuhi, soko la Rodi Kopany linajaa. Mogire anatandaza turubai kando ya wauza kamba za ng'ombe na kupanga bidhaa yake: kitabu kimoja tu, nakala themanini, *Ng'ombe Wangu Anaumwa Nini?* Amekitunga mwenyewe, akakipiga taipu, akakitoa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono na kukibana kwa stepla. Bei ni shilingi arobaini.

Ujinga wenyewe ni wa mwezi uliopita. Shemeji yake, Mwalimu Cephas, alimwambia kuna duka la ng'ambo linalouza vitabu kwa kompyuta, na huenda likakipokea chake. Aje Homa Bay alione. Mogire akavaa koti la kanisani, akajaza nakala mia na ishirini kwenye gunia, akaenda.

"Nilijua nitapewa rafu. Naingia ofisini kwake nauliza, nipange wapi? Cephas ananionyesha kitu kama televisheni. Nikazunguka nyuma yake kutafuta mlango."

Wauza kamba wanacheka. Wameisikia mara kumi, na yeye ndiye anayeanza kicheko.

Lakini akifika kwenye kile kioo, sauti hushuka. Simu iliyounganishwa na kompyuta ililia kama kuku aliyekanyagwa, kisha duka likafunguka. Cephas akaandika neno ng'ombe kwa Kiingereza, na vitabu vya ng'ombe vikaanza kushuka, mamia kwa mamia, hadi Mogire akachoka kuhesabu.

"Nilivua kofia. Cephas alisema humo ndani vimo zaidi ya milioni. Hakuna vumbi, hakuna panya. Mtu akiwa kitandani kwake huko Ulaya anaagiza. Nimeliona ziwa letu likichafuka, lakini siku hiyo ndiyo nilijiona mdogo."

Mogire, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, alitoka Kisii mwaka 1981 kuhudumu kwenye josho la ng'ombe karibu na Ndhiwa. Josho lilipofungwa mwaka 1992, alibaki na viatu vya mpira na yale aliyoyajua. Akayaandika. Kwa miaka saba ameuza nakala kama elfu mbili na mia sita, bila kuuza hata moja siku ya Sabato.

Ukurasa wa mwisho huuacha mweupe. Mfugaji huandika hapo ng'ombe wake alivyougua, dawa gani ilisaidia na ipi ilishindwa. Akikirudisha, hupewa toleo jipya kwa nusu bei. Kitabu kilichoanza na kurasa kumi na mbili sasa kina arobaini, na hili ni toleo la tisa.

"Nusu ya hiki kitabu imeandikwa na watu wa Ndhiwa na Uriri," anasema. "Mimi ni karani wao."

Barua ya lile duka, iliyojibu ombi alilotumiwa na Cephas, imo mfukoni mwake. Litachukua shilingi hamsini na tano katika kila mia. Litakiuza dola kumi, zaidi ya shilingi mia saba, naye haruhusiwi kukiuza popote kwa bei ya chini, hata hapa kwenye turubai. Wala asikibadilishe bila kibali. Jibu linatakiwa Ijumaa.

Cephas amekuja kulichukua.

"Shemeji, weka sahihi. Watu wanafuga ng'ombe mpaka Ireland."

"Na wa Uriri atatoa wapi mia saba?"

"Hili duka halikuombi ruhusa ya kukua. Wenye maduka Kisumu watafunga, nawe utabaki na turubai. Leo wanakuita. Kesho utawabembeleza."

Mogire anaitoa barua na kuikunjua. Hafichi kwamba anatamani kuliona jina lake kwenye kile kioo, hata mara moja. Anasema mpango wake ni kutoa toleo la kumi kwa Kiswahili na Dholuo, kabla mvua hazijaanza. Lakini kalamu ameishika.

Mama Marcella, mfugaji kutoka Ndhiwa, amesimama kando na nakala yake iliyochakaa. Amekuja kuirudisha. Ukurasa mweupe umejaa mwandiko wake: ile dozi ya ukurasa wa kumi na tisa ilikuwa kubwa mno, na ndama wake alikaribia kufa.

"Yawa, Mwalimu," anamwambia Cephas. "Huyu Mogire, kitabu chake kikinidanganya, nakuja hapa namshika shati mpaka akirekebishe. Hilo duka lako lina shati?"