Kinu cha Nabintu Juu ya Paa

Nabintu hakumaliza kutwanga hata siku moja bila kugonga ukingo wa kinu kwa mchi: mara mbili, atulie, kisha mara moja. Kwao Kivu kila nyumba ilikuwa na mlio wake wa kuwaita watoto waje kula. Siku vita vilipoingia kijijini, binti yake mdogo, Safi, alimponyoka mkononi katika msukumano wa watu wanaokimbia. Miaka mingi baadaye, juu ya paa la ghorofa mtaani Huruma, mama alitwanga sombe ya majani ya muhogo kila Jumamosi, na bado aliita.

“Mama Safi, unatwanga mboga ama unatwanga nyumba?” Muthama, msimamizi wa nyumba, alimpigia kelele kutoka ngazini.

“Leta sahani, ama umeshiba maneno?”

Muthama alileta sahani.

Ndinda, mama yake Mulwa na jirani wa ukuta mmoja, alicheka nao, lakini alijua kilichomkosesha Nabintu usingizi. Mama huyo mkimbizi alikuwa amepata nafasi ya kuhamia Kanada. Mbili za kwanza alizikataa. Akiikataa na hii, hataitwa tena.

“Nikienda, Safi akifika hapa atamsikia nani?” Nabintu alimuuliza.



Jumamosi moja Nabintu alikwenda sokoni. Ndinda akakitumia kinu kukoboa mahindi ya muthokoi, kama mama yake alivyomfunza Ukambani. Alipomaliza, mkono ukagonga wenyewe: mara mbili, kimya, mara moja.

Vishindo vikapanda ngazi. Nabintu akatokeza paani, kiatu kimoja mguuni, anahema.

“Safi!”

Akamwona Ndinda ameshika mchi. Akaketi palepale kwenye saruji, akajifunika uso kwa kitenge.

“Nisamehe, Mama Safi. Sikufikiria.”

Nabintu alilia mpaka nguo zilizoanikwa pale zikakauka. Kisha akauliza, kwa sauti iliyokwaruza, “Nani alikufunza?”

“Si wewe? Miaka yote hii nakusikia.”

“Nilikuwa kule barabarani, Mama Mulwa, kwa mchoma mahindi. Na muziki wote ule wa matatu, nimesikia.”

Juma lile Nabintu alikwenda kukubali safari.

Asubuhi ya kuondoka alikiacha kinu mlangoni kwa Ndinda, mchi ndani yake. Gari lilikuwa limeshawashwa Ndinda alipoinama dirishani.

“Na Jumamosi nikikosa cha kutwanga?”

“Gonga tu, mwenzangu. Akishapanda ngazi, ndipo umtafutie chakula.”