Pamba Kwenye Tundu la Bolti

Hadi leo nikinusa gundi ya mbao hasira hunipanda. Mwaka nilipokuwa darasa la tano, nyumba yetu ya Busisi ilinuka gundi kuanzia sebuleni hadi jikoni, hata ugali ukashika harufu hiyo, kwa sababu baba, fundi wa injini za boti, alikuwa anajenga ndege uani. Ndege kweli, ya mtu mmoja, kwa michoro aliyoiagiza mwenyewe. Watu walimcheka. Mimi alinikabidhi kazi ya kupima. Kila tundu la bolti lilipotobolewa, nilijaribu kupenyeza karatasi ya daftari kati ya bolti na mbao. Ikikataa, tundu ni zima. Ikipita, mbao hiyo ni kuni, hata kama imechongwa wiki nzima. "Angani hakuna karibu sawa," baba alizoea kusema, nami nilimwamini.

Kisha akaja baba mdogo kutoka Nansio, fundi wa mitumbwi mwenye maneno mengi kuliko misumari. Siku moja baba akiwa kazini, baba mdogo alitoboa boriti ya bawa, pale bolti moja inaposhika bawa zima, keekee ikamteleza na tundu likapanuka. Nikapenyeza karatasi, ikapita. Nikaikunja mara mbili, ikapita. Nilipomwambia alicheka, akachovya pamba kwenye gundi, akaizungushia bolti kama anavyoziba mtumbwi, akapaka rangi juu. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," akasema. Ufa gani, jamani! Mtumbwi ukivuja unakumba maji kwa kopo. Ndege utaikumba nini? Nilimwambia mama, akanionya nisigombanishe ndugu. Nikamwambia baba, baba mdogo akakana, na baba yangu, yuleyule wa karatasi, hakwenda hata kuangalia. Alinipigisha magoti niombe radhi. Nikaomba.

Siku ya kuirusha, watu walijaa malishoni. Baba ameshakaa ndani, kofia ya pikipiki kichwani, injini inanguruma. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kifo chenyewe kilikuwa cha baba yangu, si cha mfichaji. Nikaokota msumari, nikapenya katikati ya watu, nikachokonoa rangi hadi pamba ikaning'inia nje. Baba akazima injini, akashuka, akatikisa bawa. Likacheza. Aliitazama ile pamba, akamtazama mdogo wake, kisha akanizaba kofi mimi, eti nimemwaibisha baba mdogo hadharani. Ndege ile haikuruka kamwe.

Siku hizi pale Busisi tunavuka kwa daraja badala ya kivuko, na fundi yeyote ninayempa kazi akiniambia "inatosha" namrudisha kazini palepale. Kwetu, hata hivyo, hakuna kilichosogea. Baba mdogo bado anaisimulia habari ile huku akicheka, eti pamba yake ndiyo iliyomwokoa kaka! Pasaka iliyopita, tukila nyama mezani, simulizi yake ilikuwa imefika hapohapo, binti yangu wa miaka tisa akamkatiza: "Lakini babu, si mama ndiye aliyeitoa?" Baba akamkemea. "Mtoto hadakii maneno ya wakubwa."

Nikaweka kijiko chini.

"Baba," nikasema, "shikamoo nimekupa tangu asubuhi na kesho nitakupa tena. Ila huyu mwache adakie. Hiyo nyama unaitafuna leo kwa sababu mtoto alidakia."