Tairi za Kupeleka Ng'ombe Kimulot

Sikuondoka Boito kwa kupenda safari. Niliondoka kwa sababu ndugu yangu mdogo alitaka kuoa, baba yetu alikuwa ameshatuacha, na watu wa msichana kule Kimulot walikuwa wametuambia, kwa upole wa kutisha, kwamba Jumamosi wangependa kuona ng'ombe, si kusikia habari zao. Habari walikuwa wameshazisikia mara mbili. Siku hiyo ikipita bila ng'ombe, msichana angerudi kuwa binti wa wenyewe na ndugu yangu abaki na suti yake.

Ng'ombe walikuwa Kiptere, kwa rafiki wa Mzee Arap Lang'at, baba yangu mkubwa. Sisi Wakipsigis huwaweka baadhi ya ng'ombe wetu kwa rafiki wa mbali, awakamue na kuwatunza, ili ugonjwa ukiingia boma moja usimalize mali yote. Tunaiita kimanagan. Hawa walikuwa wamekaa kule miaka mingi, wakazaana, na hakuna mtu kwetu aliyejua wamefika wangapi. Kuuliza hakukuwezekana. Mzee alilelewa kuamini kwamba ukitaja idadi ya ng'ombe wako kwa mdomo, unaita kitu kije kuwapunguza. Hayo yalikuwa katikati ya miaka ya tisini, na Mzee alikuwa Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili, lakini katika jambo hilo hakuna mchungaji aliyemweza.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, mimi na Mzee tulitoka Boito na pikapu yangu ya kubebea majani chai, nyuma tukivuta trela ya kuazima. Tairi za trela zilikuwa zimekwisha hadi nyuzi zinaonekana. Zangu za nyuma nazo hazikuwa na la kujivunia. Niliendesha polepole hadi Kericho, nikisikiliza kila kelele.

Saa nne tulikuwa nyuma ya soko la Kericho, kwenye duka la Mama Nyaboke, mama wa Kisii aliyeuza tairi tangu mumewe alipoacha kazi ya shamba la chai. Alitukagua, akaikagua trela.

"Mnabeba nini na hii?"

"Ng'ombe," nikasema.

"Ngapi?"

Mzee akageuka kuangalia barabara. Mimi nikakohoa.

"Ni ng'ombe tu, mama."

"Nimesikia ni ng'ombe. Nauliza ngapi."

"Mama," Mzee akasema kwa heshima, "ng'ombe ya mtu haihesabiwi kwa duka."

Mama Nyaboke hakubishana. Alibingirisha tairi mbili mbele yetu. Ya kwanza ilikuwa ya mtumba, imetoka kwenye gari dogo, na ilikuwa na meno makubwa mazuri. Ya pili ilikuwa plai nane, yaani tabaka nane za nyuzi ndani ya mpira, ngumu, lakini uso wake ulikuwa na mistari tu, haina meno ya maana. Akaweka kidole kwenye maandishi ya ubavuni.

"Hii ya meno imeandikwa kilo mia tano. Moja inabeba hiyo, haiongezi. Hii ingine inabeba mia tisa hamsini. Na usifikirie ni trela peke yake. Trela ikijaa inakalia pikapu kwa nyuma, kwa hivyo hata huko unataka ngumu."

Nilimsikia vizuri, sina kisingizio. Lakini mtu wa Boito huchagua tairi kwa meno. Mvua ikinyesha kwetu, barabara ya kupeleka majani inageuka uji, na mwenye meno ndiye anayefika. Hakuna aliyewahi kuniuliza uzito. Nikajipigia hesabu kimoyomoyo: watakuwa mitamba wawili, labda wadogo. Nikachukua nne za meno, mbili za trela na mbili za nyuma ya pikapu.

"Haya," Mama Nyaboke akasema, akijumlisha kilo za tairi nilizochagua. "Kama ni wawili."

Neno hilo lilinifuata hadi Kiptere.

Saa sita na nusu tulifika kwa Arap Bett, yule rafiki. "Chamgei!" akatuita kutoka langoni, nasi tukaitikia, tukanywa maziwa, tukasifu mahindi yake. Kisha akafungua boma. Akatoka ng'ombe mmoja mkubwa mweusi, amenenepa. Nikatabasamu. Akatoka wa pili, mkubwa zaidi. Akatoka wa tatu, tumbo limejaa na kiwele kimeanza kuvimba. Nyuma yake ndama aliyekaribia kuwa mtamba. Tabasamu lilikuwa limeshanitoka.

"Huyu usimrushe sana kwa mashimo," Arap Bett akaniambia, akimpapasa yule mwenye mimba. "Siku zake ni karibu."

Mzee alikuwa anafuta macho kwa furaha. Ningemwambiaje tuache mmoja? Tukapakia. Trela ikashuka, tairi zikatanuka chini. Nilizitazama, nikafunga mlango wa trela, na mpaka leo naona aibu kwa hilo.

Kupanda kutoka Kiptere ndiko kulikonimaliza. Trela ilikuwa inavuta pikapu kushoto, kisha kulia. Kabla ya Kapsoit nilisikia harufu ya mpira unaoungua, nikasimama kando. Tairi moja ya trela ilikuwa ya moto hivi kwamba nilirudisha mkono haraka, na ubavuni palikuwa na uvimbe kama yai. Niliwaza mteremko wa Chemosit uliotungoja mbele, na Mzee kando yangu, na yule mwenye mimba nyuma.

"Baba, hatuendi na hizi. Hizi ni za ng'ombe wawili. Hawa si—"

"Usiseme."

"Sijasema."

Tuliwashusha ng'ombe, tukawafunga kwenye miti ya kando. Tukainua trela kwa jeki na mawe, nikatoa magurudumu yake mawili nikayatia kwenye pikapu. Mzee angebaki na ng'ombe, mimi nirudi Kericho. Nilipowasha gari, akaja dirishani.

"Huyo mama atauliza tena."

"Atauliza."

"Na wewe utajibu nini?"

Mzee akavua kofia. Aliwatazama wale ng'ombe, kisha akaongea kwa sauti ya chini.

"Wacha niseme mimi. Kama kuna kitu kinakuja, kije kwangu, si kwa ndugu yako. Mwambie ni watatu na ndama."

Sijawahi kumwona akiogopa hivyo. Nilitaka kulia, lakini nilikuwa na haraka.

Mama Nyaboke alinisikiliza, akapiga hesabu yake kwa kalamu kwenye kipande cha boksi: ng'ombe, ndama, na chuma chenyewe cha trela. Akazirudisha zile tatu za meno zilizokuwa bado nzima, ile yenye uvimbe akaitupa kando, nami nikaongeza pesa kidogo. Akanipa nne za plai nane.

"Mbona hukusema asubuhi?" akauliza.

"Hakuna aliyeruhusiwa, mama."

Saa kumi tulikuwa tumepakia tena. Kila baada ya mwendo mfupi nilisimama kugusa tairi. Zilikuwa vuguvugu tu. Kwenye mteremko wa Chemosit niliomba kwa Kikipsigis na kwa Kiswahili, trela ikafuata nyuma bila kuyumba. Matope ya kwenda Kimulot yalitutelezesha kweli, maana hatukuwa na meno. Vijana wa kijiji wakatusukuma. Jua lilikuwa linaingia tulipofungua trela mbele ya wakwe, na ng'ombe wote wakashuka kwa miguu yao. Mama wa msichana alipiga vigelegele. Mzee hakucheka. Alikuwa bado anangoja kile kitu kije.

Jumamosi asubuhi alikuja kuniamsha. Yule mwenye mimba alikuwa amezaa ndama jike kwenye boma la wakwe, amesimama na ananyonya. Mazungumzo yalianza kwa kicheko, na kufikia saa nane ndugu yangu alikuwa na mchumba mbele ya watu wote.

Tulirudi Boito jioni hiyo, trela tupu ikirukaruka nyuma. Nilichojifunza nakiandika hapa kwa wenzangu wa majani chai: meno ni ya matope, lakini mzigo unabebwa na ile namba ya ubavuni, na anayekuuliza uzito anakuulizia uhai wako. Mjibu.

Tulipokaribia nyumbani, Mzee akanigeukia.

"Ile hesabu niliyosema," akaanza, "leo si ya kweli tena."

"Si ya kweli, Baba. Wameongezeka."

Akavuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu Kapsoit. Kisha akaniuliza tairi zimeandikwa ngapi. Nikamjibu kwa kunong'ona.

"Sema kwa sauti," akasema. "Tairi haizai."